Nani Alishika Kalamu? Saini na Muhuri kwenye Hati za Mahakama

Mhadhara kwa wakazi wa Migori na Homa Bay



Mtu wa huku kwetu akikabidhiwa karatasi ya kisheria, jambo la kwanza analolitafuta ni muhuri. Kabla hajasoma neno, huigeuza karatasi kwenye mwanga, akaliona duara la wino, akaridhika. Barua ya chifu isiyo na muhuri hakubali kurudi nayo nyumbani. Mapatano ya kuuziana shamba yakiandikwa chini ya mwembe, mmoja atauliza tutapata wapi muhuri. Imani hiyo ina asili yake. Serikali ya kikoloni ilimjia Mwafrika kwa karatasi: risiti ya kodi ya nyumba, kibali cha kusafiri, na kile kipande kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ambacho mwanamume alikibeba pamoja na alama za vidole vyake. Asiye na karatasi iliyogongwa alilala korokoroni. Babu zetu walijifunza kwamba wino wa duara ndio unaomtenganisha mtu huru na mfungwa, nasi tukarithi somo hilo bila kulikagua.

Leo nataka tulikague, kwa sababu linatugharimu mashamba. Katika korti za Kenya, hati huwa hai kwa ajili ya mtu aliyeitia saini: jina lake, sifa yake ya kuitia, na ukweli wa kile anachokithibitisha. Muhuri huja nyuma yake. Anayeutazama muhuri akasahau kuuliza aliyeutumia ni nani ameacha mlango wazi kwa matapeli, na matapeli wanaujua mlango huo vizuri kuliko sisi.

Tuanze na hati ya madai, ile inayofungua kesi. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, Agizo la 2, kanuni ya 16, zinataka kila hati ya namna hiyo itiwe saini na wakili, au na wakala anayetambuliwa na kanuni, au na mwenye kesi mwenyewe kama anajisimamia. Someni tena sehemu ya mwisho: mwenye kesi mwenyewe. Mvuvi wa Mbita, mkulima wa miwa wa Awendo, mchimba dhahabu wa Nyatike, yeyote kati yao anaweza kuandika madai yake, akatia saini yake, akayapeleka masijala ya Migori, Rongo, Kehancha, Homa Bay, Oyugis, Ndhiwa au Mbita. Hahitaji muhuri wa wakili yeyote. Watu wengi hawajawahi kuambiwa hivyo, na kuna wanaokula kwa sababu hawajaambiwa.

Na saini isipokuwepo? Mwaka 2002, katika kesi ya Regina Kavenya Mutuku na wenzake dhidi ya kampuni ya bima ya United, Jaji Ringera wa Mahakama Kuu alitoa jibu ambalo mawakili bado wanalitumia: hati isiyo na saini haina uzito wowote kisheria, kwa kuwa saini ndiyo inayoonyesha ni ya nani. Pasipo saini, karatasi hiyo haina mwenyewe. Mimi naliona jibu hilo kuwa la haki. Mtu anaposhtakiwa ana haki ya kumjua anayemshtaki, na korti ina haki ya kumjua atakayewajibika kwa kila sentensi iliyoandikwa. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 35, inaendeleza wazo hilohilo kwa kumtaka anayeandaa hati aweke jina na anwani yake juu yake. Ndiyo maana mwisho wa kila hati mnaona yale maneno ya nani kaiandaa na ofisi yake iko wapi. Msiyaruke. Yasomeni kabla ya kuutazama muhuri.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni hati ya kiapo.

Hati ya kiapo ni ushahidi wa maandishi. Mtu anaapa kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na anaapa mbele ya mtu mwingine aliyepewa kazi hiyo, Kamishna wa Viapo, ambaye huteuliwa na Jaji Mkuu. Hapa muhuri una kazi kweli. Unasema: mtu huyu alisimama mbele yangu, mahali hapa, tarehe hii, akaapa. Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 15, kifungu cha 5, inamtaka kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Kifungu cha 4 kinamkataza kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande wowote au ana maslahi nalo. Kanuni ya 9 chini ya sheria hiyo inataka vielelezo vilivyoambatishwa navyo vigongwe muhuri wake na kupewa alama, ili mtu asije akachomoa karatasi moja na kuchomeka nyingine usiku.

Hayo ndiyo yaliyo kwenye kitabu. Yanayofanyika mitaani mnayajua. Hati zinaandaliwa ofisini, mteja anatia saini akiwa amesimama kaunta au nyumbani kwake, kisha karani anazikusanya zikawa fungu, mwendesha bodaboda anazipeleka kwa kamishna, na kamishna anagonga moja baada ya nyingine bila kuona uso wa mtu. Kuna ofisi ambako muhuri wa kamishna unakaa kwenye droo ya karani, naye anaugonga mwenyewe mwenye muhuri akiwa safarini. Kila muhuri uliogongwa hivyo umesema uongo. Umesema "mbele yangu", na mbele yake hakuwepo mtu.

Chukueni mfano wa mama mjane wa Ndhiwa anayefuatilia mirathi ya mumewe. Amepata barua ya chifu inayowataja warithi, kwa kuwa masijala haziipokei mirathi bila barua hiyo. Anahitaji hati ya kiapo inayotaja mali na watoto. Mama anazungumza Dholuo, hati imeandikwa kwa Kiingereza. Kanuni za viapo zina namna maalumu kwa ajili ya mtu kama yeye, asiyeweza kusoma: hati isomwe, aelezwe kwa lugha anayoielewa, aonekane ameelewa, ndipo aweke alama ya kidole gumba, na hayo yote yaandikwe. Lakini ana haraka, nauli ni ya kwenda na kurudi tu, karani ana foleni. Anaonyeshwa mahali pa kubonyeza kidole. Anabonyeza. Miaka miwili baadaye shemeji anapinga mirathi, wakili wake anamuuliza mama kizimbani: Uliapa wapi? Anajibu Ndhiwa. Muhuri unasema Kisii. Ulimwona kamishna huyu? Hajawahi. Ulisomewa hati hii? Hakusomewa. Kwenye orodha ya warithi, mtoto mmoja hayumo, na mama hajui kwa nini.

Wakili wa shemeji hahitaji tena kuthibitisha kwamba mama ni mwongo. Hati yenyewe imemfanya mwongo. Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka saba kwa kuapa uongo, na mama huyu, ambaye hakuwa na nia ya kumdanganya yeyote, anatetemeka kizimbani kwa jambo ambalo mtu mwingine alilifanya kwa jina lake. Yule aliyegonga muhuri bila kumwona hayupo kortini siku hiyo. Yuko ofisini kwake, anaendelea kugonga.

Hilo ndilo dai langu hasa jioni hii: uzembe wa saini na muhuri unafanywa na wataalamu, na adhabu yake inamwangukia mteja. Hali hiyo si ya haki, na mahakama zetu zimekuwa zikihangaika nayo kwa zaidi ya miaka 20.

Tazameni historia ya leseni ya uwakili. Kwa kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili, mtu haruhusiwi kufanya kazi hiyo mpaka awe amekubaliwa, jina lake liwe kwenye Orodha ya Mawakili, na awe na leseni ya mwaka huo. Leseni hiyo huisha Desemba 31. Kila Januari kuna mawakili ambao hawajailipia. Wengine wanachelewa wiki, wengine mwaka mzima, huku ofisi ziko wazi na mteja haambiwi. Je, hati aliyoitia saini wakili wa namna hiyo ina nguvu?

Mwaka 2001, katika rufaa ya Obura dhidi ya Koome, Mahakama ya Rufaa ilisema haina. Aliyejibu rufaa hiyo alikuwa Martha Koome, wakati huo wakili, ambaye tangu Mei 2021 ni Jaji Mkuu wetu. Hati ya rufaa ilikuwa imetiwa saini na wakili asiye na leseni, na rufaa ikaanguka. Mwaka 2009, mahakama hiyohiyo iliamua kesi kati ya Benki ya Kitaifa na Wilson Ndolo Ayah, aliyewahi kuwa waziri. Hati za dhamana ya mkopo ziliandaliwa na wakili asiyekuwa na leseni, nazo zikahesabiwa kuwa batili. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba sheria iliyowekwa kulinda umma isipotekelezwa kwa ukali, haitamlinda mtu.

Naielewa hoja hiyo, lakini tuifuate inakotupeleka. Mteja aliyelipa, akapewa risiti, akaona cheti cha mwaka jana kimetundikwa ukutani, angejuaje kwamba cha mwaka huu hakijatolewa? Na mkopaji aliyekula pesa akaja kugundua kwamba wakili wa benki hakuwa na leseni, kwa nini apate zawadi ya kutolipa? Mwaka 2012 Bunge liliingilia kati, likaongeza kwenye Sheria ya Mawakili kifungu cha 34B: wakili asiyechukua leseni anafanya kosa la kitaaluma, lakini kosa lake haliondoi uhalali wa hati aliyoiandaa. Kisha Desemba 2015, katika kesi ya Benki ya Kitaifa dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ilibadilisha mkondo. Ilisema hati ya kuhamisha au kuweka rehani ardhi haiwi batili kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na leseni ya mwaka huo. Aadhibiwe wakili, hati ibaki. Kwangu mimi huo ni mmoja wa maamuzi bora yaliyowahi kutolewa na mahakama hiyo kwa mwananchi wa kawaida.

Lakini uamuzi huohuo una upande wa pili ambao hautajwi sana vijijini, nao nawaomba muushike. Mahakama ya Juu ilisema pia kwamba hati iliyoandaliwa na mtu asiyekuwa wakili kabisa, au na wakili ambaye jina lake limefutwa kwenye Orodha, ni batili kwa kila hali. Huruma ya Anaj inawafikia wateja wa wakili aliyechelewa kulipia leseni. Haiwafikii wateja wa tapeli. Mtu aliyeandikiwa uhamisho wa shamba na broka wa mjini anayejiita "wakili", mwenye suti, mkoba na muhuri aliochongesha kwenye kibanda cha mihuri kwa siku moja, hana hati. Ana karatasi. Kibanda hakimuulizi mtu kama yumo kwenye Orodha ya Mawakili. Kinamuuliza anataka duara au mstatili.

Wala msidhani matapeli hao ni wa vibandani tu. Oktoba 2023, nchi nzima ilisikia habari za mtu wa Nairobi aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina la wakili halisi kwenye mtandao wa Chama cha Mawakili, LSK. Watu mitandaoni walimshangilia kwa sababu ilisemwa kwamba alishinda kesi nyingi. Mimi sikuona cha kushangilia. Niliwafikiria watu ambao hati zao zina saini ya aina hiyo, na siku wapinzani wao watakapoichunguza.

Jirani zetu wa barani wamepita njia hiyohiyo. Nchini Nigeria, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2007, katika kesi ya Okafor dhidi ya Nweke, kwamba hati iliyotiwa saini kwa jina la ofisi ya mawakili haifai, kwani ofisi haimo kwenye orodha ya mawakili. Aliyemo ni mtu. Baadaye chama cha mawakili cha huko kikaleta muhuri maalumu ambao kila wakili hupewa kwa jina lake, aubandike kwenye kila hati anayoitia saini. Swali likaja: hati ikikosa muhuri huo, je, imekufa? Mwaka 2015, katika kesi ya Yaki dhidi ya Bagudu, mahakama ilijibu kwamba haijakufa. Ina kasoro, na kasoro hiyo inaweza kurekebishwa kwa kuubandika muhuri baadaye. Mpangilio huo ni mzuri. Saini ya mtu mwenye sifa ndiyo inayobeba hati, muhuri unasaidia kumtambua, na ukisahaulika mteja hapotezi kesi. Tanzania, ng'ambo ya mpaka wetu wa Isebania na Sirari, wametumia njia nyingine: Mahakama yao ina mfumo wa e-Wakili, ambako mwananchi anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi.

Nitaje na kampuni na vyama, kwa ufupi. Agizo la 4 la kanuni zetu linataka afisa anayeapa kwa niaba ya kampuni awe ameidhinishwa kwa lakiri ya kampuni. Lakini sheria ya marekebisho ya mwaka 2020 imeondoa ulazima wa kampuni kuwa na lakiri, na imepanua nafasi ya saini za kielektroniki. Kanuni na sheria zinasemezana kwa lugha mbili, na atakayeumia ni chama kidogo cha wakulima ambacho hoja ya lakiri itaibuliwa dhidi yake siku ya kesi. Kamati ya kanuni iliangalie jambo hilo.

Kisha kuna kompyuta. Mahakama ilianza kupokea hati kwa mtandao Nairobi mwaka 2020, na Machi 2024 mfumo huo ulizinduliwa kwa mahakama zote nchini. Kwa mtu wa Kehancha kuna faida: hasafiri kupeleka karatasi. Lakini picha ya saini inaweza kunakiliwa kutoka hati moja hadi nyingine kwa dakika moja, na picha ya muhuri vilevile. Ukurasa wa mwisho wenye kidole gumba cha mama unaweza kuunganishwa na kurasa ambazo hakuwahi kuziona. Mtandao haukuleta udanganyifu huo, ila umeuondolea usumbufu uliokuwa ukiupunguza kasi. Kwa hiyo hati asilia yenye wino itunzwe, na hakimu asisite kuagiza iletwe.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu Katiba. Ibara ya 159 inazitaka mahakama zitende haki bila kushikilia mno taratibu. Kweli. Muhuri ulioegemea pembeni, tarehe iliyoandikwa kwa mkono mahali pa chapa, kielelezo kilichokosa herufi yake, hayo yasimnyime mtu shamba la baba yake. Lakini kama mtu aliapa au hakuapa, hilo halimo katika taratibu. Ndilo jambo lenyewe. Hakimu anayemsamehe kamishna kwa jina la Ibara ya 159 anamsamehe asiyestahili. Naomba mahakama zifanye vinginevyo: zimpe mteja nafasi ya kuapa upya mbele ya korti, na gharama za kuchelewa zilipwe na aliyegonga muhuri bila kumwona mtu, na jina lake lipelekwe kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Wakitozwa mara chache, droo za makarani zitakuwa tupu.

Kwenu mawakili wenzangu wa Migori na Homa Bay: muhuri wako ukae mfukoni mwako. Ukienda safari, nenda nao. Ukiletewa hati na mwenyewe hayupo, rudisha hati. Akija mama asiyejua kusoma, funga mlango, msomee kwa lugha yake, umwache aulize, hata foleni ikinung'unika. Kama huna leseni Januari, mwambie mteja kabla hajalipa.

Nanyi wananchi, kabla hujatia saini au kidole, uliza jina kamili la wakili na nambari yake, ile inayoanza na P.105. Litafute jina hilo kwenye mtandao wa LSK, au mwambie mwanao mwenye simu akutafutie, kisha uende ofisini umwone mtu mwenyewe, kwa maana jina laweza kuibwa. Kataa kutia saini karatasi yenye nafasi tupu. Kataa kuapa bila kamishna. Dai nakala ya kila ulichosaini, uondoke nayo siku hiyohiyo. Usipomudu wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo taratibu zake zilirahisishwa kwa ajili yako. Na kama unaweza kueleza shida yako kwa maneno yako, andika, weka saini yako, peleka masijala. Karani hana ruhusa ya kuikataa kwa sababu haina muhuri wa wakili.